Tundu la Pini Tisa

Igeuze mashine yoyote ya kidijitali ya miaka ya tisini uangalie mgongo wake. Inaweza kuwa mzani, printa ya risiti au mashine ya kupima damu. Karibu na pale waya wa stima unapoingia, utaona tundu lenye umbo la herufi D, pini tisa ndani, skrubu mbili pembeni. Laptopu yako haina tundu hilo, na huenda hujawahi kumiliki iliyo nalo. Lakini lilizaliwa na wazo la zamani kuliko kompyuta yenyewe, na wazo hilo lilipita Ukambani mapema sana.

Tuanze na neno simu. Kabla haijawa kitu cha mfukoni, simu ilikuwa waya. Neno lilitoka Uajemi na maana hiyo hiyo, na watu wa pwani wakalitumia kwa telegrafu. Mwaka 1879 kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Zanzibar. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Zanzibar. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, nguzo za simu zilipanda nayo bara, zikapita Kibwezi, Makindu na Sultan Hamud, huku vilima vya Mbooni vikiwa juu huko kaskazini. Ujumbe ulisafiri kwenye waya ule alama moja baada ya nyingine, kama watu wanaovuka mto kwa gogo moja. Kupanga foleni namna hiyo ndiko mafundi wanakoita seriali.

Mfaransa mmoja wa telegrafu, Émile Baudot, alibuni katika miaka ya 1870 mfumo uliotumia alama tano kwa kila herufi. Jina lake lilikatwa likawa kipimo cha mwendo, baud. Ukifungua programu ya mzani leo ikuulize kama unataka 9600, inakuuliza kwa lugha ya telegrafu.

Mwaka 1960, chama cha watengenezaji wa vifaa vya elektroniki Marekani kiliandika makubaliano yaliyoitwa RS-232. Yalisema volti hasi ni moja, volti chanya ni sifuri. Kwenye tundu la pini tisa, lililoenea baada ya IBM kulitumia kwenye kompyuta yake ya mwaka 1984, pini ya 2 na ya 3 hubeba maneno, moja ya kusikia na moja ya kusema, na ya 5 ni ardhi. Nyaya tatu tu, mazungumzo yanaanza. Makubaliano yenyewe hayakuwa siri. Fundi yeyote mwenye waya na risasi ya kuchomea angeweza kuyatimiza, awe Tokyo au Tawa.

Halafu USB ikaja Januari 1996. Mwaka 1998 Apple ikatoa iMac isiyo na tundu la seriali kabisa, na wengine wakafuata polepole. USB ni nzuri, hakuna ubishi. Ila ilileta bawabu mlangoni. Adapta ya kutoka USB kwenda seriali ni mkalimani, na ndani yake kuna chipu inayohitaji programu iitwayo dereva. Kama kwenye matatu, dereva asipokuja, gari zima na abiria wake linabaki stendi.

Na dereva ana mwajiri. FTDI ya Glasgow, Uskoti, ilitengeneza chipu zilizosifika sana, kwa hivyo zikaigwa sana. Mwaka 2014 dereva wake mpya alisambazwa kupitia masasisho ya Windows. Akikuta chipu feki, alikuwa akifuta nambari yake ya utambulisho na kuandika sifuri, kisha kompyuta inaacha kuitambua. Watu walilala adapta zikifanya kazi, wakaamka zimekufa. Kelele zilipozidi, dereva yule aliondolewa. Prolific ya Taiwan nayo, kwa sababu hizo hizo za kuigwa, ilitoa madereva yanayokataa chipu zake za zamani, hata zile halali.

Sasa rudi Mbooni. MakueniCare ilipoanza mwaka 2016, familia ikilipa shilingi 500 kwa mwaka kutibiwa katika hospitali za kaunti, kilichohitajika zaidi ya foleni ni majibu. Fikiria maabara ndogo yenye mashine ya zamani ambayo bado inapima sawasawa, lakini adapta yake imekataa baada ya sasisho. Mtu wa maabara ananakili namba kwa mkono. Nukta ikiruka, mgonjwa mwenye upungufu wa damu anaambiwa yuko poa. Mashine haijaharibika hata kidogo. Kilichokufa ni mkalimani, tena kwa uamuzi uliofanywa mbali na mtu asiyejua Kikima iko wapi.

Ndiyo maana kuchagua kebo si jambo dogo, hasa kama duka liko Luthuli na wewe lazima upande matatu hadi Machakos kwanza. Muulize muuzaji chipu iliyo ndani, usiulize rangi. FTDI ya kweli hugharimu zaidi. CH340 ya Wachina ni rahisi na hufanya kazi nyingi bila kulalamika. Hakikisha adapta ni ya RS-232 na si ya volti 5 au 3.3 ya kuchezea vibodi, kwa sababu RS-232 inaruhusiwa kufika volti 15 kila upande na inaweza kuichoma.

Ikikataa, usiilaumu mashine kwanza. Chomoa adapta kwenye mashine, unganisha pini 2 na 3 kwa kipande cha waya, fungua programu ya kutuma maandishi, uandike jina lako. Likirudi kwenye skrini, adapta na dereva wako sawa. Shida basi iko mbele. Labda kebo inahitaji kupishanisha 2 na 3, kwa sababu pande zote zinasema na hakuna anayesikiliza. Labda mwendo haulingani, na ndiyo maana unaona takataka badala ya namba. Labda programu ya zamani inajua COM1 hadi COM4 tu, na Windows imekupa COM11. Badilisha kwenye Device Manager.

Chuoni hakuna aliyetufundisha haya, na sikukaa hadi mwisho nijue kama yangefika. Nilichojifunza nje ni kwamba kifaa hakizeeki chenyewe tu. Mara nyingi kuna mtu anayetangaza kimezeeka. Kwa hivyo ukishapata adapta inayokubali, weka nakala ya dereva wake kwenye flashi, andika tarehe juu yake kwa kalamu, uifungie droo moja na kile kipande cha waya.