Undugu uliofundishwa Ungoni

Ukimtaja Mngoni wa Songea, wengi humwona mjukuu wa moja kwa moja wa wapiganaji waliovuka Mto Zambezi na kiongozi wao Zwangendaba mwaka 1835. Hesabu haikubali. Msafara ule ulikuwa ukizoa watu tangu mbali, Watonga, Wakaranga, Wasenga, na Zwangendaba alipofariki huko Ufipa katika miaka ya 1840, waliotoka naye kusini walikuwa sehemu ndogo tu ya kundi. Waliofika bonde la Ruvuma na kuunda tawala mbili, Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya Tawete, wakaongeza Wandendeule, Wabena, Wapangwa na Wamatengo. Lugha ndiyo shahidi mkubwa: Kingoni kinachosemwa Songea leo ni cha wenyeji, kimebakiza maneno machache tu ya kusini. Watoto walichukua lugha ya mama zao, na mama zao walikuwa wa huku. Hapo pana swali ambalo simulizi za vita hazilijibu. Familia ya watu waliookotwa njia nzima, wenye babu mbalimbali, iligeukaje kuwa kabila moja lenye kujivuna hivyo?

Jibu langu ni malezi. Kijana aliyetekwa hakuachwa pembeni. Aliingizwa katika kikosi cha rika pamoja na vijana wa Kingoni, akala nao, akajifunza silaha, nyimbo na adabu mbele ya wakubwa, akatoka huko akijiita Mngoni. Kile kilikuwa chuo hasa, ingawa hakikuwa na ubao wala chaki. Mtu atasema nautia sukari utumwa, kwa kuwa mateka hawakuomba kulelewa, na jina la masutu, yaani watu waliotekwa, lilibaki kuwatenga na Wangoni wa asili. Ni kweli, na Ungoni wa uvamizi haustahili sifa kwa vilio vya vijiji ulivyovichoma. Lakini ubaya wa mlango wa kuingilia haufuti kilichotokea ndani. Unkosi, yaani ufalme, ulibaki kwa Gama na Tawete, ila unduna, yaani ujemadari chini ya nkosi, ulikuwa na nafasi kwa watu wa koo nyingine, na nguvu ya nduna ilitegemea wafuasi aliowakusanya na kuwalea. Songea Mbano hakuwa wa ukoo wa Gama. Nkosi wa Njelu alikuwa Mputa. Hata hivyo boma la Wajerumani la mwaka 1897 lilichukua jina la nduna huyo, na mji nao ukalirithi. Wote wawili walinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, baada ya vita vya Majimaji.

Vita hivyo na njaa iliyofuata vilivunja vikosi. Shule ikashika nafasi yao. Wabenedikto walikuwa Peramiho tangu 1898. Misheni yao ilichomwa mwaka 1905, ikajengwa upya, na baadaye ikawa na shule, karakana na kiwanda cha uchapaji. Hapa wapo watakaosema kwamba misheni ilikuja kuua mila, na kwa mambo ya matambiko hawakosei. Ila bweni lilifanya kazi ileile ya kikosi: mtoto wa sutu na mtoto wa nduna kengele moja, jembe moja, sahani moja ya ugali. Tofauti kubwa ni kwamba sasa heshima ilipatikana kwa cheti.

Jaribio lililokwenda mbali zaidi lilikuwa kijiji cha Litowa. Vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianza kijiji hicho mwanzoni mwa miaka ya 1960, na chama chao, Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kikakua hadi vijiji kama 17. Shule ya Litowa ilipokea watoto wa vijiji hivyo na kuwalea pamoja: walilima, walipika, walijadili mambo yao mkutanoni. Nyerere, aliyeandika tangu 1962 kwamba ujamaa ni undugu uliotanuliwa, aliona pale kitu kilichokwisha kutendwa, na Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ina harufu ya Litowa. Safari hii hakuna aliyetekwa. Waliingia kwa hiari yao. Wapinzani husema jaribio lilikufa, basi halikuwa na mizizi. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama wanakijiji wangegombana na kutawanyika wenyewe. Chama hicho cha Ruvuma kilivunjwa kwa uamuzi wa Kamati Kuu ya TANU, Septemba 1969, kwa sababu vijiji vilivyozoea kujiamulia mambo vilikuwa vimewakera wakubwa wa mkoa waliotaka kuamua kwa niaba yao. Mali zake zikachukuliwa, watumishi wake wakatawanywa. Miaka michache baadaye serikali ikahamishia watu vijijini kwa mamilioni nchi nzima, ikawapa majirani wapya na nyumba zilizopangwa kwa mstari, huku mabweni ya Litowa, ambako ujirani ule ulikuwa ukifundishwa, yakiwa yameshafungiwa kazi yake.