Mteja wa Tunduma na Haki ya Kuhama Benki

Asubuhi ya Jumatatu, 6 Februari 1967, mwenye akaunti Tanzania Bara alikuwa na benki kadhaa za kuchagua: Standard, Barclays, National and Grindlays, Benki ya India, Benki ya Baroda na nyingine chache. Hadi jioni uchaguzi huo ulikuwa umekwisha. Siku moja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitangaza kutaifishwa kwa benki binafsi, na shughuli zake zikakabidhiwa chombo kipya kimoja, Benki ya Taifa ya Biashara, ambayo nchi nzima iliizoea kwa herufi zake tatu: NBC. Kiongozi wake wa kwanza, Amon Nsekela, alitokea Rungwe, jirani kabisa na nchi ambayo leo ni Mkoa wa Songwe.

Tunduma, ambayo leo imo katika mkoa huo, wakati huo ilikuwa kituo kidogo kwenye mpaka wa Zambia. Kilichoitikisa ni malori. Tangu Rhodesia ya Ian Smith ijitangazie uhuru Novemba 1965, Zambia ilikuwa ikitafuta njia ya kupitisha mafuta na shaba bila kuwategemea walowezi wa kusini, na barabara ya vumbi kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya ikabeba mzigo huo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968, na reli ya TAZARA ilipofuata katikati ya miaka ya 1970, mji ulikuwa umeshaonja biashara ya nchi mbili.

Hatua chache tu, ng'ambo ya mpaka huko Nakonde, Zambia, sera ilikuwa nyingine. Rais Kenneth Kaunda naye alitangaza mwaka 1970 kwamba serikali yake ingechukua asilimia 51 ya benki za kigeni, lakini mpango huo haukutekelezwa. Barclays na Standard zikaendelea kufanya kazi Zambia, pamoja na benki ya serikali, Zanaco, iliyoanzishwa mwaka 1969. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 20 raia wa Zambia aliyechoshwa na benki yake aliweza kwenda nyingine. Mtanzania aliyechoshwa na NBC alikuwa na njia mbili: avumilie, au atoe fedha zake azitunze mwenyewe.

Wakazi wengi wa nyanda hizi za mpakani walikuwa wamezoea njia ya pili muda mrefu kabla ya Azimio. Benki za kikoloni hazikuwalenga. Standard ilifungua Dar es Salaam mwaka 1917 na Barclays ikafuata mwaka 1925, zikihudumia serikali, mashamba makubwa na kampuni za biashara ya nje. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilifanya iwe vigumu kwa mfanyabiashara kumdai Mwafrika mahakamani mkopo aliompa bila kibali cha serikali, na matokeo yake Mwafrika alikosa mkopo wa maana. Kilichokuwa wazi kwake ni benki ya akiba ya Posta, iliyoanza mwaka 1925, ambayo baadaye ilikuja kuwa Benki ya Posta na leo inaitwa TCB.

Fedha hata hivyo zilikuwepo. Katika miaka ya 1930 dhahabu ya Lupa iliwavuta wachimbaji hadi maeneo ya Saza na Mkwajuni, ambayo sasa yamo katika Wilaya ya Songwe. Vijana wengine walikwenda kusini zaidi, kwenye migodi ya Afrika Kusini, kupitia wakala wa kuajiri aliyejulikana kwa jina la Wenela. Sehemu ya mshahara wao ilizuiliwa hadi watakaporudi nyumbani. Huo nao ulikuwa uwekaji akiba, ila mwenye fedha hakuulizwa anapenda zikae wapi. Serikali ya Tanganyika huru iliusimamisha uajiri huo.

NBC ilistahili sifa kwa jambo moja: iliipeleka benki wilayani, mahali ambapo wageni hawakuona faida. Lakini huduma yenyewe ilifungwa kwenye tawi. Akaunti ilikuwa kwenye leja ya karatasi, na leja ilikaa katika tawi alikofungulia mteja. Mtu alifika na kitabu cha akiba, akakipitisha dirishani, akasubiri karani atafute ukurasa wake, alinganishe saini, apate idhini ya mkubwa wake, kisha aitwe jina kwenda dirisha la kulipia. Mfanyabiashara wa Tunduma mwenye akaunti Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka mpakani, alipoteza siku nzima kwa ajili ya kutoa fedha zake mwenyewe.

Mwaka 1983 hofu iliongezeka. Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha msako dhidi ya wahujumu uchumi, wenye fedha nyingi zisizo na maelezo, pamoja na wenye bidhaa zilizofichwa, walijikuta matatani. Katika mji wa mpakani, ambako sukari, mafuta ya kula na nguo vilivuka kwa njia za panya kwa sababu ya uhaba pande zote mbili, kuwa na salio kubwa kwenye leja ya serikali kulionekana kuwa hatari zaidi kuliko kuficha fedha nyumbani. Mbadilisha fedha wa mpakani, anayeshika shilingi mkono mmoja na kwacha mkono mwingine, hakuuliza maswali. Ndiye aliyekuwa benki ya haraka ya Tunduma, na kwa wengi amebaki kuwa hivyo.

Mlango ulifunguliwa upya baada ya tume iliyoongozwa na Charles Nyirabu kuchunguza mfumo wa fedha, na Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991 ikaruhusu tena benki binafsi. Somo la kwanza la ushindani lilikuja upesi, na lilitoka upande wa Zambia. Meridien BIAO, kundi la benki lililojengwa na Andrew Sardanis, mfanyabiashara aliyeishi Zambia, lilikuwa miongoni mwa waliowahi kuingia Tanzania. Mwaka 1995 lilianguka, na shughuli zake nchini zikachukuliwa na Stanbic. Mtanzania aliyekuwa amengoja miaka 24 kupata benki nyingine aligundua kwamba benki nyingine inaweza pia kufa.

Mwaka 1997 NBC ya zamani ilivunjwa. Biashara kubwa ilibaki na NBC mpya, ambayo mwaka 2000 hisa zake nyingi ziliuzwa kwa ABSA ya Afrika Kusini. Matawi mengi ya wilayani yakapewa NMB, ambayo mwanzoni ilijikita katika akiba na malipo. CRDB, iliyotokana na benki ya maendeleo ya ushirika na vijijini, ilikuwa imebinafsishwa mwaka 1996. Mwaka 2005 kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi lilinunua asilimia 49 ya NMB, na miaka miwili baadaye Rabobank hiyohiyo ikanunua asilimia 49 ya Zanaco. Mpaka uliotenganisha ujamaa wa Nyerere na ubinadamu wa Kaunda sasa ulikuwa na mbia mmoja wa benki pande zote mbili.

Kadi za kutolea fedha zilivunja ule utumwa wa tawi. Mtu aliyefungua akaunti Mbeya aliweza kutoa fedha Tunduma, na dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya forodha aliweza kupokea posho ya safari bila kubeba bahasha kutoka Dar es Salaam. Hapo ndipo wakazi wa mji walipoanza kulinganisha benki kwa vigezo vyao: mashine gani ina fedha mwisho wa mwezi, tawi gani halina foleni, makato ya kila mwezi ni kiasi gani, na nani atakopesha.

Halafu simu ikaja. Vodacom ilizindua M-Pesa nchini Aprili 2008, wengine wakafuata, na ndani ya miaka michache wakala akawa karibu zaidi ya benki yoyote. Meza yake haihitaji eneo kubwa: mwavuli, kiti, daftari lenye mistari ya majina na namba, simu kadhaa za mitandao tofauti, na mara nyingi kimashine cha wakala wa benki pembeni. Mteja anataja namba, wakala anasoma jina kwa sauti ili kuhakikisha, ujumbe unaingia, saini inawekwa daftarini. Floti, yaani salio la wakala, ikiisha, mteja anaelekezwa meza ya jirani. Kando ya barabara inayokwenda Nakonde, meza ya jirani inaweza kuwa ya mwenye kwacha.

Mwaka 2013 watu hao wa meza walikabili mtihani wa hesabu. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye sarafu yake kuanzia 1 Januari, na noti ya zamani ya kwacha 50,000 ikawa sawa na mpya ya 50. Kwa miezi sita noti za aina mbili zilitumika pamoja. Kwa mama muuza mchele kutoka Kamsamba, aliyepokea malipo kwa kwacha, kumjua mbadilisha fedha mwaminifu kulikuwa na thamani zaidi kuliko akaunti yoyote.

Mazingira hayo yanaeleza tabia ya mteja wa Tunduma hadi leo: hahami benki, anaongeza. Ana laini mbili au tatu, akaunti moja ya mshahara au ya mazao, nafasi kwenye kikundi cha VICOBA, na mtu wake wa kwacha. Mitandao ilipoanza kukubali kutumiana fedha, Airtel, Tigo na Zantel kwanza mwaka 2014, Vodacom baadaye, wengi hawakutupa laini za ziada. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021 na kulalamikiwa nchi nzima, hata serikali ikaipunguza kwa asilimia 30 miezi miwili baadaye, aliyekuwa na njia nyingi ndiye aliyeumia kidogo.

Anayeumia ni mwenye njia moja. Chukua mwalimu wa shule ya msingi Ileje. Mshahara wake unapita benki aliyoikuta wakati anaajiriwa, na huko ndiko alikokopa mabati ya nyumba. Akisikia benki nyingine ina riba nafuu, hawezi tu kwenda kufungua akaunti. Anahitaji barua ya salio la deni kutoka benki ya zamani, hati za mshahara, saini za mwajiri, benki mpya ikubali kununua deni lake, na idara ya utumishi ibadilishe akaunti ya mshahara kwenye mfumo. Kila hatua ina ofisi yake, na kutoka kijijini hadi makao makuu ya wilaya kuna nauli. Wapo wanaokata tamaa katikati na kujazia pengo kwa wakopeshaji wa mitaani, wale ambao mikopo yao imepewa jina la kausha damu.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi naye ana kisa chake. Vyama vikuu vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, mamlaka ya zao ikashika ununuzi, malipo yakachelewa. Ushirika ulirudi, wanunuzi binafsi wakaja, na tangu msimu wa 2018 serikali ikasisitiza kahawa ipite vyama vya msingi na malipo yaingie benki. Maelfu ya wakulima nchini walipata akaunti kwa njia hiyo. Lakini mara nyingi benki ilichaguliwa na chama, na mkulima akaifahamu siku ya malipo tu: anatoa zote, anaacha akaunti tupu hadi msimu ujao.

Tahadhari yake ina sababu. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo, zikiwemo Benki ya Wananchi Njombe, si mbali na Songwe, na Benki ya Ushirika ya Wakulima wa Kagera. Bima ya amana wakati huo ilimfidia mteja hadi shilingi 1,500,000 tu. Kiwango hicho kimepandishwa hadi 7,500,000, na ni habari ambayo kila karani wa tawi la Tunduma, Vwawa au Mlowo angepaswa kumwambia mteja kabla ya kumpa fomu. Kanuni za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iweke gharama zake wazi. Mteja akizijua, ana silaha.

Kuhama kwenyewe pia kunaweza kurahisishwa. Nchini Uingereza benki zilianzisha Septemba 2013 huduma ya kuhamisha akaunti ndani ya siku saba za kazi. Mteja anakwenda benki mpya tu, nayo inahamisha salio, malipo ya kila mwezi na mshahara, na kinachotumwa kimakosa kwenye akaunti ya zamani kinafuata chenyewe. Tanzania tayari ina misingi ya jambo kama hilo: namba ya NIDA inayomtambulisha mtu mmoja kwa benki zote, taarifa za wakopaji zinazochangiwa na benki, na mfumo wa TIPS wa Benki Kuu unaounganisha benki na mitandao ya simu.

Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma ikiwalenga wakulima kama hao wa Mbozi. Ni chaguo la ziada, na linakaribishwa. Litakuwa na maana kamili pale mkulima au mwalimu atakapoweza kulifuata bila kuomba barua kwa benki anayoiacha. Benki Kuu inaweza kuanza na akaunti za mishahara ya watumishi wa umma, kwa kuweka muda wa mwisho wa kutoa barua ya salio la deni na adhabu kwa benki itakayouvuka. Mwalimu wa Ileje angeokoa nauli tayari mwezi huohuo.