Kutoka Mizani Hata Mfukoni: Historia Fupi ya Malipo ya Mkulima wa Karagwe na Kyerwa

Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Umoja wetu, wengine wameandika habari za magunia, bei na majengo. Sisi tumeonelea vema kueleza jambo ambalo kila mwanachama amelionja, walakini ni nadra kuandikwa: namna mkulima anavyolipwa. Kahawa ikisha kupimwa, kazi ya mkulima imekwisha. Lakini fedha bado haijafika. Kati ya mizani na mfuko pana safari, na safari hiyo imepitia simbi, rupia, noti, hundi, kadi na simu. Nia yetu ni kuonyesha kwamba katika mabadiliko hayo yote swali la mkulima limekuwa moja: nani atakayebeba mzigo wa kungoja?

Tuanze mbali. Karne ya 19, Karagwe ilikuwa njia kuu ya biashara kati ya pwani na nchi za Buganda. Wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, na Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861 aliikuta biashara hiyo. Fedha ya siku zile ilikuwa simbi, yaani kauri zilizotoka Bahari ya Hindi, zikatungwa katika uzi na kuhesabiwa. Jirani zetu wa Buganda hata leo huiita fedha *ensimbi*. Kahawa nayo ilikuwa hapa tayari, ila haikuwa ya kunywa: buni zilichemshwa, zikakaushwa, zikatafunwa, na mgeni aliyepewa alijua amepokewa kwa heshima. Simbi zilikuwa na sifa moja kubwa: aliyeuza aliondoka nazo papo hapo. Zilikuwa na kasoro moja vilevile: thamani kubwa ilihitaji mabega ya wapagazi.

Kwa sababu ya uzito huo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kuzoea njia nyingine. Wahindi wa Unguja waliandikiana barua fupi za kuagiza malipo, na mtu aliyetoa fedha Unguja aliweza kulipwa Bombay pasipo sarafu hata moja kuvuka bahari. Barua hizo ziliitwa hundi. Ndilo neno lile lile tunalolitumia leo kwa karatasi ya benki. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba hundi ni mgeni aliyeletwa na wazungu peke yao. Jina lake lilifika kwa jahazi, na maana yake ni ahadi iliyoandikwa.

Wajerumani walileta kodi ya nyumba, na kodi ilidai sarafu. Rupia yao, ambayo tangu mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100, ilimlazimu mkulima kutafuta kitu cha kuuza. Na huku kwetu kitu hicho kikawa kahawa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishika utawala, na tangu mwaka 1921 shilingi ya Afrika Mashariki ikachukua nafasi ya rupia. Hapo mkulima aliuza kwa mchuuzi dukani, akapokea sarafu, na mara nyingi akaziacha dukani humo humo kwa chumvi, nguo na deni la zamani. Fedha taslimu ilikuwa ya haraka, lakini mwenye duka ndiye aliyekuwa mpimaji, mpanga bei na mdai. Mkulima hakuwa na karatasi ya kumtetea.

Ushirika ulizaliwa ili kuondoa hali hiyo. Sheria ya vyama vya ushirika ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka 1950 chama kikuu cha Bukoba kiliundwa, wakati Karagwe ingali sehemu ya Wilaya ya Bukoba. Ushirika ulileta vitu viwili vipya kijijini: stakabadhi na hundi. Karani alipima, akaandika uzito, akampa mkulima kipande chake. Chama kikuu kilikiandikia chama cha msingi hundi; viongozi wakaenda mjini benki, wakarudi na fedha, nao wanachama wakaitwa kwa majina. Malipo ya kwanza yalitolewa kahawa ilipopokelewa. Malipo ya pili yalikuja baada ya kahawa kuuzwa, iwapo bei iliruhusu.

Twapenda kusimama hapa kidogo, kwa maana vijana wengi hawajapata kuona hundi. Ni karatasi ndogo, lakini yabeba mengi: tarehe, jina la mlipwaji, kiasi kwa tarakimu na kiasi kwa maneno, na sahihi za viongozi zaidi ya mmoja. Ikipigwa mistari miwili hailipwi dirishani, bali huingizwa katika akaunti, hata mwizi akiiokota haimfai. Na kipande kinachobaki kitabuni humwambia mkaguzi, hata baada ya miaka, nani alilipwa na kwa nini. Kwa hifadhi ya mali ya wengi, hundi ilikuwa mlinzi mwema. Kasoro yake ilikuwa moja: hundi si fedha bado. Ni ahadi, na ahadi yataka benki iwe karibu, barabara ipitike, na akaunti ya mwandishi iwe na kitu ndani yake.

Mwaka 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kazi na kutoa shilingi yetu wenyewe. Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, vijiji vikakabidhi mazao kwa mamlaka za serikali. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua mlango tena, vyama vikuu vikarudi mwaka 1984, na mwaka 1990 Karagwe ikapata chama kikuu chake, KDCU. Mabadiliko yote haya yalibadili jina la anayetia sahihi kwenye hundi. Hayakumwondolea mkulima kungoja.

Na kungoja kuna bei. Tuseme mkulima ana mtoto wa kupeleka shule mwezi Februari, na mavuno hayaanzi mpaka Mei. Mtu mwenye fedha taslimu anamjia, anaitazama mibuni yenye maua, anampa shilingi 60,000 kwa gunia ambalo wakati wa mavuno litaleta shilingi 150,000. Hii ndiyo butura. Tofauti ya shilingi 90,000 ndiyo bei ya kungoja kwa miezi michache, na hakuna benki iliyopata kudai riba ya namna hiyo. Wenzetu husema butura ni ujinga wa mkulima. Sisi hatusemi hivyo. Mkulima ajua hesabu hiyo vizuri. Ila ada ya shule haingoji mnada.

Soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, kuanzia msimu wa 1994/95, jambo hili lilidhihirika zaidi. Mnunuzi alifika na noti mkononi siku ile ile. Chama kilifika na stakabadhi na maneno ya subira. Vivyo hivyo katika mpaka wa Murongo: upande wa pili wa mto Kagera ni Uganda, na kahawa ivukayo usiku hulipwa usiku huo huo. Serikali imepiga marufuku, askari wamewekwa, na ni haki kufanya hivyo. Lakini yatupasa sisi viongozi na wanachama kukiri kwamba adui wa ushirika mara nyingi si bei ndogo peke yake. Ni bei nzuri inayochelewa.

Mwaka 2018 ulitufundisha somo la pande mbili. Tarehe 4 Januari Benki Kuu ilifuta leseni za mabenki matano yaliyokuwa na upungufu wa mtaji, na mojawapo ilikuwa Benki ya Ushirika wa Wakulima wa Kagera. Wakati ule kinga ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa shilingi 1,500,000 kwa kila mwenye amana. Iliyozidi hapo ilibidi ingoje ufilisi. Katika msimu wa mwaka huo huo Serikali iliagiza kahawa iuzwe kupitia vyama vya ushirika, na wakulima wakahimizwa kulipwa katika akaunti za benki. Hivyo mkulima aliyeona benki ya jirani ikifungwa aliombwa aamini benki. Aliyesita hakuwa mkaidi. Alikuwa na kumbukumbu.

Wakati huo simu ilikuwa imekwisha kuingia. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa mkulima wa Kaisho au Nyaishozi, wakala wa simu yu karibu kuliko tawi la benki, na ujumbe wa malipo hufika pasipo nauli. Kadi ya benki nayo ina faida yake Kayanga, penye mashine ya kutolea fedha. Lakini mbali na mashine kadi ni kipande cha plastiki tu. Simu imeishinda kadi vijijini kwetu kwa sababu imebeba benki mpaka mlangoni.

Hata hivyo simu si malaika. Kutoa fedha kuna ada, na Julai 2021 tozo ya miamala iliongezwa juu yake, mpaka malalamiko ya wananchi yakafanya ipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba mwaka ule. Namba ya siri ikijulikana, fedha hupotea kimyakimya. Tena simu ya nyumbani mara nyingi ni ya mume, nayo kahawa ilichumwa na mke na watoto. Malipo yaingiayo kimya yaweza kutumika kimya. Zamani jina lilisomwa mbele ya watu, na jamaa wote wakajua kiasi kilicholipwa.

Wala tusiharakishe kuzika hundi. Uingereza, yenye mabenki mengi, ilitangaza mwaka 2009 kwamba hundi zitakoma 2018. Wazee na vyama vya hisani walilalamika, na mwaka 2011 mpango ukaachwa. Afrika Kusini ilizikomesha mwishoni mwa mwaka 2020. Kila nchi imepima njia yake. Kwetu, hundi yenye sahihi zaidi ya moja ingali silaha ya kulinda mfuko wa chama, hata ikiwa haifai tena kumlipa mkulima mmoja mmoja.

Basi historia hii yatupa mizani ya kupimia kila njia mpya itakayoletwa kwetu kwa maneno matamu. Tuulize mambo matatu. Kwanza, fedha yafika baada ya siku ngapi? Pili, yafika pungufu kwa kiasi gani, na nani amekata? Tatu, ni karatasi gani inayobaki mkononi mwa mkulima siku penye ubishi? Simbi zilijibu swali la kwanza tu. Hundi ilijibu la tatu. Simu yajibu la kwanza vizuri, la pili nusunusu, na la tatu maadamu ujumbe haujafutwa. Hakuna iliyojibu yote peke yake. Ndiyo maana chama kipo.

Wanachama wenzetu, hifadhini stakabadhi za mizani hata baada ya kulipwa kwa simu, na mke na mume wazisome pamoja. Nanyi viongozi na makarani, andikeni tarehe ya kupokea kahawa na tarehe ya kulipa katika daftari moja, mistari miwili sambamba, na isomwe katika kila mkutano mkuu. Kijitabu cha miaka kumi ijayo kitakapoandikwa, umbali kati ya tarehe hizo mbili utasema ukweli wa kazi yetu kuliko hotuba yoyote. Ukipungua, butura itakufa yenyewe pasipo askari. Ukizidi, hakuna sheria itakayoirudisha kahawa iliyokwisha kuvuka mto.