Mara Tatu Skrini Zilipozimwa

Ukiuliza kwa nini vijana wa Kenya wameacha chaneli za bure, wengi watakujibu kwa neno moja: Netflix. Mimi ninayesomea historia kwa shahada ya uzamili, tarehe zinanifanya nilitilie shaka jibu hilo. Netflix ilifika nchini Januari 2016. Kufikia hapo, watazamaji walikuwa wameshaonja televisheni isiyotegemeka.

Tarehe 14 Februari 2015, Mamlaka ya Mawasiliano ilizima mitambo ya analogi Nairobi na viunga vyake. Citizen, NTV na KTN, zilizokuwa zikivutana na serikali kuhusu nani asambaze mawimbi ya dijitali, zilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Ziliporudi, mwenye runinga ya zamani alihitaji king'amuzi. Neno "bure" likawa na bei dukani.

Mara ya pili ilikuwa 30 Januari 2018. Raila Odinga alikuwa akila kiapo cha "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, na serikali ikakata mawimbi ya stesheni hizo hizo tatu. Watu walihamia YouTube na Facebook, ambako matangazo yaliendelea. Okiya Omtatah alikwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikaamuru mawimbi yarudishwe, lakini siku kadhaa zilipita kabla ya amri kutiiwa.

Mara ya tatu ilikuwa 25 Juni 2025, vijana walipoandamana kuwakumbuka waliouawa mwaka mmoja kabla. Mamlaka iliagiza matangazo ya moja kwa moja yakome, kisha mawimbi ya stesheni zilizoendelea kutangaza yakazimwa. Sisi watano tulijibana mbele ya kompyuta moja katika chumba changu cha kukodi, tukachanga pesa za bando, tukaendelea kutazama. Nyanya yangu, aliyeko Kiambu na simu ya mulika mwizi, alibaki na skrini tupu. Alinipigia kuuliza kama niko salama. Jioni hiyo Mahakama Kuu ilikuwa imeshasimamisha agizo hilo.

Kwa hiyo, naona kwamba intaneti haikuwavuta watazamaji peke yake. Kila mawimbi yalipokatwa, serikali yenyewe iliwafunza wananchi njia ya kwenda mtandaoni. Waliojua njia na kumudu nauli walihama. Waliobaki ni akina nyanya.

Hata hivyo, sishangilii uhamaji huo. Septemba 2021 Netflix iliwapa Wakenya wenye simu za Android huduma ya bure, isiyo na matangazo ya biashara. Novemba 2023 ikaifunga. Hakuna aliyekimbilia mahakamani, na angekwenda kudai nini? Kampuni ilitoa chake, ikachukua chake. Lakini mawimbi yalipozimwa mwaka 2018 na 2025, kulikuwa na Kifungu cha 34 cha Katiba, kinachoikataza serikali kuingilia utangazaji, na kulikuwa na jaji wa kukisoma.

Hiyo ndiyo tofauti inayopotea tunapohesabu watazamaji waliohama. Chaneli ya bure hutufikia kupitia masafa ya umma, na ikizimwa tuna pa kushtaki. Tukiiacha ife kwa sababu bando letu halijaisha, tutabaki na skrini nyingi nzuri ambazo hatuna haki yoyote juu yake.