Zambia: Jinsi ya kupanga mfumo mdogo wa umeme wa jua unaobebeka

Ukame wa mwaka 2024 uliwaacha Wazambia wengi bila umeme kwa zaidi ya saa 20 kwa siku, na familia nyingi zikageukia sola. Kinachoamua iwapo akiba ya familia italeta mwanga au itapotea bure ni hesabu inayofanywa kabla ya kununua kifaa cha kwanza.

Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Zambia hutokana na maji, na sehemu kubwa hutegemea Ziwa Kariba katika Mto Zambezi, ambalo nchi hiyo inalimiliki kwa pamoja na Zimbabwe. Mvua zilipokosekana kutokana na hali ya El Niño, Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa Februari 29, 2024. Mgawo wa umeme uliofuata uliwagusa vinyozi, washonaji, wenye maduka na wanafunzi.

Kwa mpangaji wa chumba au mfanyabiashara wa kibandani, mfumo unaobebeka una faida mbili: huhama pamoja na mwenyewe, na usiku huingizwa ndani usiibwe.

Hesabu huanza na matumizi

Kosa la kawaida ni kununua paneli kwanza, kisha kuuliza inaweza kuwasha nini. Utaratibu sahihi ni kinyume chake. Kila kifaa huandikwa wati zake na saa kitakazotumika kwa siku, kisha namba hizo mbili huzidishwa. Jibu huitwa wati-saa.

Kwa mfano, taa nne za LED za wati 5 zikiwaka saa tano hutumia wati-saa 100. Redio ya wati 5 kwa saa sita hutumia 30. Simu tatu zinahitaji takriban 45, na televisheni ndogo ya wati 20 kwa saa nne hutumia 80. Jumla ni wati-saa 255. Kwa kuwa umeme hupotea katika waya na katika betri yenyewe, huongezwa robo. Hivyo familia hiyo inahitaji takriban wati-saa 320 kwa siku.

Aina ya betri

Wati-saa 320 zikigawanywa kwa volti 12 hupatikana ampea-saa 27 hivi. Hata hivyo, betri haipaswi kutumika hadi iishe. Betri ya asidi hudumu zaidi isiposhuka chini ya nusu, hivyo familia hiyo ingehitaji ya ampea-saa 55, yenye uzito wa zaidi ya kilo 15. Betri ya lithiamu fosfeti inaweza kutumika hadi asilimia 80, kwa hiyo ya ampea-saa 40 inatosha, nayo ina uzito wa takriban kilo 5. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini huvumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi.

Betri ya kawaida ya gari haifai kwa kazi hii. Imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, na ikimalizwa kila usiku huharibika mapema.

Paneli na kidhibiti chaji

Ikikadiriwa kuwa jua kali hupatikana kwa saa tano kwa siku, wati-saa 320 zinahitaji paneli ya wati 64. Joto, vumbi na mawingu hupunguza uwezo huo, kwa hiyo paneli ya wati 100 ni chaguo salama zaidi, hasa katika msimu wa mvua kati ya Novemba na Aprili. Kwa kuwa Zambia iko kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini. Kivuli cha tawi moja tu kinaweza kupunguza umeme kwa kiasi kikubwa.

Kati ya paneli na betri huwekwa kidhibiti chaji, ambacho huzuia betri kujazwa kupita kiasi. Kwa paneli hiyo, cha ampea 10 kinatosha. Ni lazima kiwe na mpangilio unaolingana na aina ya betri, kwani chaji ya asidi na ya lithiamu hazifanani.

Usalama

Volti 12 hazitishi kwa kugusa, lakini betri ikipigwa shoti hutoa mkondo unaoweza kuyeyusha waya na kuwasha moto. Fyuzi hufungwa kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Betri huunganishwa na kidhibiti kwanza, kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli hutangulia. Sanduku la betri ya asidi liwe na matundu, kwa sababu betri hiyo hutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka.

Mipaka ya mfumo

Taa, redio na televisheni za volti 12 hazihitaji inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani. Inveta nayo hula umeme, hata pasipo kifaa kinachotumika.

Mfumo wa aina hii hauwezi kupika wala kupiga pasi. Birika la wati 2,000 likitumika dakika kumi tu humaliza zaidi ya wati-saa 330, yaani mahitaji yote ya siku ya familia iliyotajwa. Ndiyo sababu nyumba nyingi zilizopata mwanga wa sola ziliendelea kununua mkaa.

Asiyemudu vyote kwa pamoja anaweza kuanza na taa mbili na simu, na kununua kidhibiti cha ampea 20 kinachoacha nafasi ya paneli ya pili. Betri mpya isiunganishwe na iliyochakaa, kwani ile ya zamani huidhoofisha mpya.