Kipindi cha Dirisha: Muda Ambao Kipimo Hakioni

Mpenzi wa soka akisikia neno dirisha hufikiria usajili: dirisha limefunguliwa, dirisha dogo linafungwa usiku wa manane. Kwa mshauri nasaha wa VVU neno hilohilo lina maana iliyo karibu kinyume. Kipindi cha dirisha ni muda kuanzia siku mtu alipoambukizwa hadi siku kipimo kitakapoweza kuyatambua maambukizi hayo. Katika muda huo virusi vimo mwilini, mwenye navyo anaweza kumwambukiza mwenzake, na majibu yanasema hana.

Wapo wanaosema "kipindi cha mpito". Tatizo la mpito ni kwamba humfanya msikilizaji adhani maambukizi yenyewe hayajakamilika, kama serikali inayosubiri uchaguzi. Yamekamilika, kinachosubiriwa ni kipimo. Ningepewa nafasi ya kuchagua ningesema "kipindi cha upofu wa kipimo", maana kasoro inabaki pale ilipo. Lakini dirisha limeshazoeleka, nami sitashindana nalo.

Linalonisumbua zaidi ni ule umoja wake. Tunasema kipindi cha dirisha kana kwamba ni kimoja, hali kila kipimo kina chake. Wanaolijua hili kwa gharama kubwa ni waigizaji wa filamu za ngono wa California, nchini Marekani, ambao kwao kupima ni sharti la kuingia kazini. Kliniki yao, AIM, ilianzishwa mwaka 1998 na kufungwa mwaka 2011. Mfumo uliofuata, uitwao PASS, hauwaonyeshi watayarishaji ugonjwa wa mtu. Huonyesha tu kama anaruhusiwa kufanya kazi au la. Mwaka 2013 muda kati ya kipimo na kipimo ulipunguzwa kutoka siku 28 hadi 14.

Siku 14 si dirisha, ingawa wengi huyachanganya haya mawili. Hizo ni zamu za kupima, zilizopangwa na watu. Dirisha hupangwa na kirusi na aina ya kipimo. Kirusi kikiingia, huzaliana kwanza ndani ya tishu, na kwa siku kadhaa damu haionyeshi chochote. Kisha vinasaba vyake huanza kuonekana kwenye damu, hufuata protini yake iitwayo p24, na mwisho kingamwili ambazo mwili wenyewe huzitengeneza. Kipimo kinachotafuta vinasaba huwahi: kwa makadirio ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, huweza kuona kati ya siku ya 10 na ya 33. Kile cha maabara kinachotafuta p24 pamoja na kingamwili, kwa damu ya mshipani, huchukua siku 18 hadi 45. Kinachotafuta kingamwili peke yake, siku 23 hadi 90. Ndiyo sababu kupima kila wiki mbili kwa kipimo cha kingamwili kungekuwa karibu kazi bure, na waigizaji hao hutumia kile cha vinasaba.

Hata hicho hakitoshi. Mwaka 2004, jijini Los Angeles, mwigizaji mmoja alipimwa Machi akaonekana hana, akapimwa tena Aprili akakutwa na VVU. Kati ya wanawake 13 aliokuwa ameigiza nao, watatu walikuwa wameambukizwa. Wakati ule upimaji ulikuwa wa kila mwezi, kwa hiyo unaweza kulaumu zamu. Kisa cha 2014 ni kigumu zaidi. Mwigizaji wa kiume alipima kwa kipimo cha vinasaba, majibu yakawa hana, na siku 10 baadaye akaanza kuugua homa, vipele na koo. Tangu kipimo kile hadi alipopewa majibu kwamba ana VVU zilipita siku 22, na katika siku hizo aliigiza bila kondomu na wanaume 12. Uchunguzi ulionyesha kwamba mmoja wa wenzake hao aliambukizwa kazini. Cheti kilisema kweli kuhusu damu ya siku ile, basi. Hakikusema lolote kuhusu siku zilizofuata.

Kwa magonjwa mengine ya zinaa, mahali pa kupima pana uzito kuliko siku. Kaswende ina dirisha lake la wiki kadhaa, lakini kisonono na klamidia hujificha kwa namna nyingine: hukaa kooni au kwenye njia ya haja kubwa bila dalili, huku mkojo ukiwa safi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliwapima waigizaji 168 wa Los Angeles. 47 walikuwa na kisonono, klamidia au yote mawili, na 11 kati yao wasingegunduliwa kama wangepimwa sehemu za siri peke yake. Upofu huu hauishi kwa kungoja. Unaisha kwa kijiti cha pamba kilichopelekwa mahali sahihi.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda hana habari na filamu hizo, lakini vile vipimo vya kujipima VVU nyumbani kwa kupangusa fizi vinatafuta kingamwili peke yake. Dirisha lake ni refu, na ndiyo maana ya ile kauli ya "rudi baada ya miezi mitatu", ambayo wengi huisikia kama utaratibu wa ofisi tu.

Kwa hiyo ukipima, au ukionyeshwa majibu ya mwenzako, uliza mambo mawili: kilikuwa kipimo cha aina gani, na damu ilitolewa siku ngapi baada ya tukio la mwisho la hatari? Na kama tukio hilo halijafikisha saa 72, usilisubiri dirisha lolote. Nenda kituo cha afya leo, uombe PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari. Kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa zaidi, na baada ya saa hizo hazitolewi.