Nyumba Iliyojengwa kwa Senti za Kahawa



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za mandiri yenyewe, waasisi wake na sikukuu zake. Sisi tumepewa nafasi ya kuandika juu ya historia ya mji, nasi tumechagua jengo ambalo si letu: jengo la KNCU, lililo karibu na mnara wa saa. Tumelichagua kwa kuwa historia yake inatuhusu kwa karibu, na si mara zote kwa namna ya kutusifu.

Kahawa ililetwa mlimani na mapadre wa misheni ya Kilema kabla karne ya 19 haijaisha. Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ikafika Moshi, na wazee wetu wakaifuata. Wakafungua maduka ya vitambaa, chumvi, mafuta ya taa na majembe. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, mkuu wa wilaya, aliwahimiza Wachagga kupanda kahawa ya arabika katika vihamba vyao, kati ya migomba. Walowezi wa Kizungu wakapinga vikali. Walidai kwamba mashamba ya Waafrika yangeeneza magonjwa ya mibuni; lakini kila mtu alijua kwamba hofu yao kubwa ilikuwa kukosa vibarua, maana mtu mwenye kahawa yake mwenyewe haendi kupalilia ya mwingine. Ndipo mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo.

Walowezi, hata hivyo, hawakuwa tatizo pekee. Kulikuwa pia na mizani. Mkulima alipoteremka na gunia lake, mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyetaja bei, na pengine ndiye aliyekuwa amekwisha kumkopesha vitu dukani kwa ahadi ya mavuno. Miongoni mwa wanunuzi walikuwamo Wazungu, na walikuwamo Wahindi. Vitabu vya kumbukumbu vya jumuiya zetu hupenda kusimulia jinsi wazee walivyofika na sanduku moja la bati na kufanikiwa kwa jasho. Ni kweli, jasho lilikuwapo. Lakini palikuwapo pia upande wa pili wa kaunta, na upande huo ndio uliozaa ushirika.

Tarehe 1 Januari 1933 KNPA ilirithiwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi vilivyotapakaa mlimani. Mkulima sasa alipeleka kahawa kwenye chama cha kijijini kwake, ikapimwa mbele ya jirani zake, ikauzwa pamoja na ya wenzake. Si wote waliofurahi. Sheria iliwalazimisha wakulima wote kuuza kwa ushirika peke yake, nao baadhi wakataka uhuru wa kuuza watakako. Mwaka 1937 zikazuka fujo. Hata hivyo chama kilisimama, na baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipopanda duniani, kilijikuta kina fedha ambazo chama cha wakulima Waafrika hakikutazamiwa kuwa nazo.

Hapo ndipo likaja wazo la jengo. Kumbukeni jinsi Moshi ilivyokuwa: mitaa ya biashara ilikuwa ya maduka ya Wahindi, ofisi na vilabu vilikuwa vya Wazungu, na Mchagga aliyeteremka mjini kwa shughuli zake hakuwa na mahali pa heshima pa kulala wala kukaa. Wakulima hawakuridhika kujenga bohari. Walitaka ofisi, maduka, hosteli, maktaba na mahali pa mafunzo chini ya paa moja, tena katikati ya mji.

Aliyewachorea ramani alikuwa Ernst May, na habari zake zinastahili aya yake. Alizaliwa Frankfurt mwaka 1886. Katika miaka ya 1920 alisimamia mipango ya mji huo na kujenga maelfu ya nyumba za watu wa kipato cha chini. Jiko dogo la kisasa lililobuniwa kwa ajili ya nyumba hizo lilipata sifa duniani kote. Mwaka 1930 alikwenda Urusi ya Kisovieti kupanga miji mipya. Alipotaka kuondoka huko, Ujerumani ilikuwa mikononi mwa Hitler, naye kwa asili yake ya Kiyahudi hakuweza kurudi. Akaja Tanganyika, akashika jembe, akawa mkulima kwa miaka kadhaa kabla ya kurejea kwenye uchoraji jijini Nairobi. Wakati wa vita Waingereza walimweka kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Mtu huyu aliyefukuzwa na watu wake na kutiliwa shaka na wenyeji wake ndiye aliyewajengea wakulima wa Kilimanjaro makao yao, mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Gharama ilitoka katika akiba ya chama, yaani katika senti zilizobaki juu ya kila ratili ya kahawa. Nasi Wagujarati tunapaswa kuitambua njia hiyo, kwa maana ni yetu pia. Katika miji ya Gujarati, mahajan, yaani baraza la wafanyabiashara, lilitenga sehemu ndogo ya mauzo kwa ajili ya mahekalu na malazi ya wanyama wazee. Wakulima wa Machame, Kibosho, Marangu na Rombo hawakujifunza hilo kutoka kwetu. Inashangaza tu kwamba watu waliotazamana kwa mashaka juu ya mizani walikuwa na desturi moja ya kujenga.

Miaka ya baadaye haikuwa myepesi kwa upande wowote. Mwaka 1971 sheria ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wengi wa wenye majengo hayo mijini walikuwa Waasia. Familia nyingi zilihama nchi. Mwaka 1976 ikafika zamu ya ushirika: vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, na KNCU ikafutwa pamoja navyo. Sheria mpya ya mwaka 1982 ikafungua njia, na mwaka 1984 chama kikarudi. Katika miaka ya 1990 soko likafunguliwa tena kwa wanunuzi binafsi, na mizani ikawa na washindani upya. Safari hii mkulima alikuwa na mahali pa kulinganisha bei.

Wageni watakaokuja kwa sherehe zetu hakika wataonyeshwa Kibo. Tunawaomba wenyeji wao wawapitishe pia mnara wa saa, wasimame kidogo mbele ya jengo la KNCU, na kuwaeleza nani alilipia.